Simu ya buluu au simu nyeusi? Kuchagua chombo cha kurekodia lugha kabla ya kwenda Kabambare

Mwaka jana nilirudi kutoka Kabambare na saa tatu za sauti ya babu yangu. Babu ni Mbangubangu, umri wake unakaribia miaka 90, na katika saa hizo tatu alikuwa amenisimulia kwa Kibangubangu habari za mitego, za mahari, za ugomvi wa wazee wawili juu ya kijito kimoja, pamoja na methali ambazo sikuwahi kuzisikia kwa mtu mwingine. Zilikuwa ndizo data za kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilimpelekea mwalimu wangu faili ya kwanza. Akaifungua katika Praat, ile programu ya fonetiki iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, kisha akageuza kompyuta ili nione. Chini ya mawimbi palikuwa na spektrogramu, na sehemu yake ya juu, tangu hezi 4,000 hadi hezi 5,000, ilikuwa nyeupe mwanzo hadi mwisho.

"Hapa palipaswa kuwa na s zako," akasema. "Ziko wapi?"

Hazikuwapo. Simu yangu ya zamani haikuzinasa, na hakuna programu duniani itakayozirudisha.

Ninaandika makala haya kwa sababu wengi wetu kitivoni tunafanya vile nilivyofanya mimi. Tunakwenda likizo nyumbani, tunarekodi wazee kwa simu tuliyo nayo mfukoni, tunarudi tunaandika tasnifu. Kinasa sauti cha kitaalamu hatuna, na bei yake hatuiwezi. Kwa hiyo swali la simu gani ya bei ndogo inunuliwe si swali la anasa kwa mwanafunzi wa lugha, ni swali la mbinu za utafiti, ingawa sijawahi kuliona katika muhtasari wa somo lolote.

Nianze na kile kilichopotea, maana ndicho kitakachoeleza mengine yote. Simu haihifadhi sauti yenyewe. Inaipima mara nyingi kwa sekunde na kuandika namba. Ikipima mara 8,000 kwa sekunde, basi sauti ya juu kabisa inayoweza kuiandika ni ile ya hezi 4,000, nusu ya idadi ya vipimo. Simu nyingi za zamani, na baadhi ya simu mpya za bei ya chini, zina kinasa sauti kinachotumia kipimo hicho kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, ambamo inatosha kuelewana. Faili zake huishia kwa 3gp au amr. Sasa, msuguano wa hewa unaofanya s iwe s uko zaidi juu ya hezi 4,000. Ule wa sh huanza chini zaidi. Ukikata kila kitu juu ya 4,000, sh inabaki na sura yake kwa kiasi fulani, lakini s inabaki kama pumzi hafifu, na f nayo ni pumzi hafifu. Masikio yetu yanajaza pengo kwa sababu tunaijua lugha. Mimi Kibangubangu ninakisikia, ila sikijui kama babu anavyokijua, na pale ambapo neno lilikuwa geni kwangu sikuweza kuamua kama nimesikia s au f.

Jambo moja lilisalimika, nalo lilinifariji kidogo. Kibangubangu ni lugha ya toni, na toni huchukuliwa na mtetemo wa nyuzi za sauti, ambao kwa mwanamume mzee uko kati ya hezi 80 na 200 hivi. Huko chini simu yangu haikuharibu kitu. Toni za babu zilikuwa wazi katika Praat. Kwa hiyo nilikuwa na rekodi yenye toni nzuri na vikwamizi vibovu. Kwa kazi juu ya toni ningeweza kuitetea mbele ya jopo. Kazi yangu ilikuwa juu ya konsonanti.

Kibangubangu si lugha iliyoandikwa sana hata tuseme tutatazama kwingine. Malcolm Guthrie aliipa alama D27 katika orodha yake ya lugha za Kibantu, na A. E. Meeussen alichapisha maelezo mafupi ya sarufi yake huko Tervuren mwaka wa 1954, kwa Kiholanzi. Ukivuka kwenda Kasongo utakuta Kizimba, Kikusu na Kiswahili chetu cha Kingwana vikisikika katika soko moja. Mwenye kurekodi vibaya katika nchi hii hana maktaba ya kumsaidia.

Basi likizo iliyofuata nilisimama sokoni Kasongo mbele ya meza ya kijana muuza simu, nikiwa na dola 100 nilizokusanya kwa miezi saba, na simu mbili mkononi. Moja ilikuwa ya buluu, bei yake dola 95. Nyingine nyeusi, dola 80. Sitaji majina yake. Sababu ya kwanza ni kwamba baada ya mwaka mmoja aina hizo hazitakuwa mezani tena, zitakuwa zimepokewa na nyingine zenye namba kubwa zaidi kwenye sanduku. Sababu ya pili ni kwamba jina lenyewe halisaidii sana. Watu hubishana Tecno, Itel na Infinix kana kwamba ni timu tatu za mpira, kumbe zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka wa 2006. Afadhali kujua la kuangalia.

"Yaya, chukua hii ya buluu," kijana akaniambia. "Hii iko ya nguvu. RAM 8."

Kwa Mkongo neno RAM lina kidonda chake. Tangu Septemba 2020 tulikatwa ushuru ulioitwa RAM, Registre des Appareils Mobiles, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ukitolewa kidogo kidogo katika unite zetu, mpaka ulipofutwa mwaka wa 2022. Ile RAM nyingine, kumbukumbu ya kazi ya simu, haina ushuru, ila ina ujanja. Nilipogeuza sanduku la buluu nikasoma kwa herufi ndogo: 4 + 4. Maana yake ni gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kweli, na 4 nyingine zinazoazimwa kutoka hifadhi ya faili, ambayo ni ya polepole zaidi. Nyeusi ilikuwa na 3 tu na haikudai zaidi. Kwa kurekodi sauti tofauti hiyo haina uzito. Kinasa sauti ni programu nyepesi; hata simu zenye gigabaiti 2, zile zinazotumia Android Go ambayo Google iliitangaza mwaka wa 2017 kwa ajili ya simu dhaifu, zinarekodi bila shida ukifunga programu nyingine.

Hali kadhalika kamera. Buluu iliandikwa megapikseli 50, nyeusi 13. Nilipiga picha ukurasa wa daftari langu kwa zote mbili, na nakiri buluu ilishinda waziwazi. Kama ningekuwa nakusanya hati za zamani za misheni au picha za mitego na mapanga, hadithi hii ingeishia hapo nami ningelipa dola 95.

Lakini nilikuja kwa sauti. Nikamwomba kijana ruhusa ya kujaribu. Nilichofanya mtu yeyote anaweza kukifanya kwa dakika tano, nami ninakieleza polepole kwa sababu ndicho nilichojifunza kwa gharama. Nilitunga sentensi yenye vikwamizi vingi: "Siku sita shangazi alisafisha shoka la fundi." Nikaweka simu juu ya meza umbali wa mita moja, nikafungua kinasa sauti kilichokuja nayo, nikasema sentensi kwa sauti ya kawaida. Kisha nikanyamaza sekunde tano. Kisha nikaisema tena kwa sauti ya chini, kama mzee aliyechoka jioni. Nikafanya vivyo hivyo kwa simu ya pili. Faili zote mbili nikazituma kwa Bluetooth katika kompyuta ya rafiki yangu anayefundisha sekondari hapo mjini. Nasema kwa Bluetooth kwa makusudi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa mno ili usile mega, na baada ya hapo huwezi kujua unaipima simu au unaipima WhatsApp. Kama huna njia nyingine, faili iliyorekodiwa kwa programu nyingine itume kama hati, hapo itafika nzima.

Tulipofungua, rafiki yangu alicheka. Rekodi ya buluu ilikuwa safi ajabu. Katika zile sekunde tano za kimya hapakuwa na soko, hapakuwa na pikipiki, hapakuwa na mtoto anayelia. Palikuwa kama umefunga mlango. Rekodi ya nyeusi ilikuwa na soko zima la Kasongo ndani yake. Ungemuuliza mpita njia angesema buluu ni bora. Kisha tukasikiliza sentensi ya pili, ile ya sauti ya chini. Katika buluu neno la kwanza lilianza kwa "-iku". S yake ilikuwa imemezwa. Silabi ya mwisho ya "fundi" nayo haikuwapo. Katika nyeusi yote yalikuwapo, yamechanganyika na soko.

Kinachotokea ni hiki. Simu ya buluu ina programu ya kuondoa kelele. Inasikiliza, inaamua nini ni kelele na nini ni usemi, na kile inachokiona kelele inakipunguza. Kwa mtu anayepiga simu barabarani hiyo ni rehema. Lakini s ni nini, kwa mashine isiyojua lugha, kama si kelele? Msuguano wa hewa, usio na mtetemo, usio na sauti ya nyuzi. Na mzee anaposhusha sauti mwishoni mwa sentensi, mashine hudhani amemaliza. Kelele ya soko mimi ninaweza kuivumilia, au ninaweza kumwomba babu tukae nyuma ya nyumba. Neno lililoondolewa na simu siwezi kulivumilia kwa kuwa sitajua kamwe kwamba lilikuwapo.

Hukumu hiyo haikuwa ya mwisho, kwa kuwa kinasa sauti kinachokuja na simu kinaweza kubadilishwa. Ziko programu za bure zinazorekodi kwa WAV, yaani bila kubana, na zinazokuruhusu kuchagua vipimo 44,100 kwa sekunde, vinavyotosha kuandika sauti hadi zaidi ya hezi 20,000, juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Tangu Android 7 ya mwaka wa 2016 programu inaweza pia kuomba sauti ghafi, isiyochakatwa. Inaomba tu, simu ina haki ya kukataa. Tuliweka programu moja katika simu zote mbili na kurudia jaribio. Nyeusi ilitii, s zikapanda katika spektrogramu hadi juu. Buluu iliandika WAV nzuri yenye ule ule mlango uliofungwa ndani yake. Huenda kwa visikizi vyenye maikrofoni, vilivyochomekwa katika tundu lake, ingetenda tofauti, maana simu nyingi huacha kuchakata sauti inayotoka huko. Ila buluu haikuwa na tundu la visikizi. Nyeusi ilikuwa nalo.

Mtu ataniuliza kuhusu ukubwa wa faili. WAV ya mkondo mmoja kwa kipimo hicho hula takriban megabaiti 5 kwa dakika, au 318 kwa saa. Saa 20 za masimulizi, ambazo hakuna kati yetu atakayezinukuu zote kabla ya kupata digrii, ni gigabaiti 6 na kitu. Hifadhi ya 64 ya simu nyeusi ilitosha, ile ya 128 ya buluu ilikuwa ziada.

Yaliyobaki ni ya Kabambare, si ya fonetiki. Kutoka Kasongo nilikwenda kwa pikipiki, na huko nilikokwenda umeme wa waya hakuna. Kuna paneli za jua juu ya mapaa ya wenye maduka, na kuna kijana mwenye betri ya gari anayechaji simu za watu kwa malipo. Simu zote mbili zilikuwa na betri ya mAh 5,000. Hiyo ni kama saa-wati 19, na paneli ndogo ya wati 10, ambayo mchana wa kweli haitoi wati 10, itakuchukua saa 3 hadi 4 za jua kali kuijaza. Wakati wa mvua saa hizo huzipati. Nyeusi ilikuwa na kioo cha ubora wa chini zaidi, kinachokula moto kidogo. Pia ilitumia waya wa kichwa cha zamani, kile kidogo chenye umbo la sahani, ambacho vijana wa Kasongo walinicheka nacho. Kwa yule kijana mwenye betri ya gari nilikuta nyaya saba, na sita kati yake zilikuwa za kichwa hicho cha zamani.

Nafasi za kadi nazo ziangalie kabla hujalipa. Buluu ilikuwa na nafasi mbili: ama SIM mbili, ama SIM moja na kadi ya kumbukumbu. Nyeusi ilikuwa na tatu. Pale ambapo mtandao mmoja unashika kilimani na mwingine unashika karibu na soko, mtu anayetembea na SIM moja ni mtu asiyepatikana, na mama yangu hawezi kulala nikiwa sipatikani.

Wakati wa kurekodi, hata hivyo, usipatikane. Weka hali ya ndegeni. Simu iliyo mahali pa mtandao dhaifu hutafuta mnara bila kupumzika, na kutafuta huko ndiko kunakomaliza betri, kuliko kurekodi kwenyewe. Tena simu ikipigwa katikati ya methali, rekodi hukatika, na mzee haanzi tena pale alipoishia.

Nilichukua nyeusi. Dola 20 zilizobaki nikanunua visikizi vyenye maikrofoni, kadi ya kumbukumbu na mafuta ya pikipiki. Usiku huo, nikiipanga simu, nilichagua Kiswahili katika mipangilio, na Android ikaniuliza Kiswahili cha wapi: cha Kenya, cha Tanzania, cha Uganda au cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nilifurahi kuulizwa. Nimeishi kwa muda mrefu na walimu ambao kwao Kingwana ni makosa ya kusahihishwa.

Niseme sasa kosa langu la pili, ili asiyasikie mwingine kwa njia niliyoyasikia mimi. Kadi ya kumbukumbu niliinunua kwa bei ya kutupa, na juu yake iliandikwa 128. Jioni ya tatu Kabambare nilihamisha humo rekodi za jioni mbili za kwanza. Zingatia kitenzi: nilihamisha, sikunakili. Majina ya faili yalionekana yote kwenye kadi, na ukubwa wake. Nilipotaka kusikiliza, za mwanzo zilifunguka na nyingine hazikufunguka. Kadi hizo za uongo zina nafasi ndogo sana ya kweli, na zimefundishwa kusema zina kubwa. Zikijaa, zinaendelea kupokea na kutupa. Ningeweza kuijaribu Kasongo kwa kuijaza filamu na kisha kuzifungua moja moja, kazi ya saa moja. Nilipoteza jioni moja nzima, pamoja na wimbo mmoja wa kutwanga alioimba jirani, mama ambaye kesho yake alikuwa amekwenda kwa binti yake Salamabila.

Nilipokuwa nikijilaumu nilimkumbuka David Livingstone, ambaye aliishi Kabambare, yeye akiandika Bambarre, kwa miezi mingi kati ya 1869 na 1871. Karatasi zilimwishia. Mwaka wa 1871, katika safari iliyomfikisha Nyangwe, aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani la The Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za hapa hapa. Wino ukafifia. Maandishi hayo hayakusomeka vizuri mpaka 2011, wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Yeye alikuwa na bahati, kwa kuwa wino uliofifia bado uko kwenye karatasi. Faili iliyotupwa na kadi ya uongo haiko popote.

Sasa babu. Alinipokea vizuri, tukakaa nyuma ya nyumba alasiri, mbali na kuku, simu nyeusi ikiwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kitambaa chini yake ili mtikisiko usipande. Nilimwomba kwanza orodha ya maneno, zaidi ya mia mbili, kila neno mara tatu, akayatamka kwa subira iliyonishangaza. Kwa orodha hiyo peke yake nimeweza kuthibitisha vikwamizi vyote nilivyokuwa navihitaji. Kisha nikamwomba anisimulie tena habari ya wale wazee wawili na kijito.

"Hiyo nimekwisha kukupa," akasema.

Nikamweleza kwamba simu ya mwaka jana ilikuwa mbovu.

"Mimi sikumpa simu. Nilikupa wewe."

Na hakuisimulia. Alinipa nyingine tano, mbili kati yake ndefu kuliko ile, ila ile ya kijito hakuigusa hadi nilipoondoka. Shangazi aliniambia nisimsukume. Ni habari inayomhusu baba yake, na mtu haichezi mara mbili kwa sababu ya chombo.

Kwa hiyo ile habari ipo katika rekodi mbovu tu, na hapo ndipo nilipopata msaada nisioutarajia. Kuna programu ya simu iitwayo Lig-Aikuma, iliyotengenezwa katika maabara ya Grenoble kwa kuendeleza Aikuma ya mwanaisimu Steven Bird, na imetumika kwa lugha kama Kimboshi cha Kongo-Brazzaville. Kazi yake moja ni hii: inacheza kipande kifupi cha rekodi ya zamani, inasimama, kisha msemaji wa lugha anakirudia polepole na kwa uwazi, na simu inarekodi marudio hayo yakiwa yameunganishwa na kipande chake. Baadaye anaweza kupita tena akitafsiri kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Ilibuniwa kwa sababu kunukuu dakika moja ya lugha ngeni hula saa nyingi, na wasemaji wanaoweza kurudia ni wengi kuliko wanaisimu wanaoweza kuandika. Nadhani hawakuifikiria hasa kwa ajili ya mtu aliyerekodi kwa simu mbovu, lakini inafaa.

Shangazi yangu amekuja kukaa kwetu Kasongo kwa matibabu, na yeye Kibangubangu anakisema kama baba yake. Kila jioni, akishamaliza chakula, anavaa visikizi, anasikia kipande cha sekunde nne au tano cha sauti ya babu, anacheka au anatikisa kichwa, kisha anakisema katika simu nyeusi. S zake zinapanda hadi juu ya spektrogramu. Ni s za shangazi, si za babu, na katika tasnifu nitalazimika kuandika hivyo kila ninapozitumia. Mwalimu wangu amenionya kwamba jopo litauliza, na ni haki yao kuuliza, kwa maana mwanamke wa umri wake aliyeishi mjini huenda hatamki kila neno kama mzee wa Kabambare.

Jana tulifika dakika ya 41. Kuna neno moja ambalo shangazi amelikataa. Anasema baba yake hawezi kulitamka hivyo, nami nimelisikiliza mara thelathini na ninalisikia hivyo. Katika spektrogramu pale penye konsonanti yenyewe ni peupe. Nimeliwekea alama ya kuuliza mpaka likizo ijayo, na safari hii nitamwuliza babu lile neno tu, bila kutaja habari ya kijito.